Kalamu Mbili za Ofisi ya Mbegu

Arusha
12 Oktoba 1986

Babu yangu Qamara, shikamoo.

Na ya bibi Lusia mfikishie kabla hajauliza iko wapi. Mimi ni mzima. Asubuhi hapa ni baridi, ila si baridi ya kwetu Mbulumbulu. Watu wa Arusha wanavaa makoti siku ambazo bibi angeanika nguo. Maharage mliyompa dereva wa lori yamefika, nusu. Anasema gunia lilichanika Mto wa Mbu. Nadhani lilichanikia jikoni kwa mkewe, lakini kilichobaki tumekila na mwenzangu wa chumba, tukashukuru.

Babu, kazini nimepewa jambo. Nilipokuja mwezi wa nane uliniuliza nafanya nini hasa na hiyo kompyuta, nikasema naandika programu, ukacheka. Programu ni maagizo tu. Unaiambia mashine: chukua majina ya wakulima, tazama ekari zao, toa orodha ya nani apate mifuko mingapi ya mbegu ya ngano. Tuko sita tunaoandika. Sasa, ili uandike humo ndani ya mashine lazima uwe na chombo cha kuandikia, tuseme kalamu, na sisi kalamu tunazo mbili. Ya zamani tunaiita Mstari. Unaiambia nipe mstari wa arobaini, inakupa huo mmoja, unaurekebisha, unaurudisha. Mingine huioni. Ya pili ililetwa mwaka huu na mtaalamu mmoja aliyekuja akaondoka. Hiyo tunaiita Ukurasa, kwa sababu inakuonyesha ukurasa mzima kwenye kioo na unatembea ndani yake unavyotaka. Ina kasi. Ila herufi zake zina maisha mawili: ukiwa umeiweka kwenye kuandika, herufi ni herufi. Ukiwa hujaiweka, kila herufi ni amri, na baadhi ya amri hizo ni kufuta.

Mkuu wetu, Bwana Wilibrodi, anasema hawezi kuwa na watu sita kwenye kalamu mbili, mmoja akiugua mwenzake hajui pa kuendelea. Ameniambia nizijaribu zote, mwisho wa Desemba nimwandikie ripoti, tubaki na moja. Nikiifanya vizuri nitathibitishwa kazini.

Mkono wangu unapenda Mstari. Lakini Inosenti, anayekaa meza ya jirani, anaitumia Ukurasa kama anapiga kinanda cha kanisani, na wenzangu wakinikuta na Mstari wanasema, "Blandina bado yuko kwenye jembe." Ungekuwa wewe ungechagua ipi?

Mjukuu wako,
Blandina


Mbulumbulu
9 Novemba 1986

Mke mdogo,

Marahaba. Bibi yako amenikataza kukuita hivyo kwenye karatasi, anasema posta watasoma. Wasome. Wataona shida ya mwanamume mwenye wake wawili ambaye hakuna hata mmoja anayempikia chai. Tumeamka salama. Goti la kushoto limestaafu, la kulia linakaimu. Ng'ombe mwekundu kazaa dume. Josephati jirani yetu kaezeka bati, kwa hiyo mvua ikinyesha kwake tunatangaziwa kijiji kizima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikamsomea bibi yako, tukawa wawili tusioelewa. Mara ya tatu nikaipeleka Karatu kwa Jumanne, yule mwenye duka la khanga, maana ana redio ya betri sita na hajawahi kukosa jibu. Palikuwa na watu wananunua mafuta ya taa, basi nikaisoma kwa sauti. Nikawaambia huyu ni mtoto wa mwanangu, ndiye atakayechagua kalamu ya kompyuta ya ofisi nzima, wanaume wote huko wamekaa wanamsubiri yeye. Jumanne akasema, "Na wewe mzee ulimfundisha nini?" Nikasema nilimfundisha kuhesabu mbuzi, na mmoja akipungua atazame ni kwa nani panafuka moshi.

Sasa unaniuliza ningechagua ipi. Mimi ni mtu wa darasa la tatu la misheni, na hilo la tatu nililimaliza kwa kufukuzwa. Lakini chombo nakijua. Unakumbuka nilivyokuwa dobi miaka kumi na mmoja kule juu Ngorongoro, kwenye hoteli ya wageni wa kreta. Tulikuwa na pasi mbili. Ya mkaa, unapuliza, unalia kwa moshi, shati moja nusu saa. Na ya umeme, unagusa tu, kwisha. Nilipoishika ile ya umeme siku ya kwanza sikurudi nyuma. Mashuka mia kwa siku, Blandina, na wageni wananipiga picha. Mwenzangu Tobiko, aliyeng'ang'ania mkaa, wakamwita mzee wa moshi mpaka akaacha kazi.

Kwa hiyo chagua Ukurasa. Ati inafuta. Panga nalo linakata, mbona tunalo chini ya kitanda. Ukoo huu umechekwa vya kutosha tangu goti langu lianze kulia kanisani. Halafu kuna jambo dogo: watu wa dukani nimeshawaambia umechagua ile mpya. Usiniangushe mbele ya Jumanne.

Mume wako wa zamani,
Qamara

Bibi yako anasema uvae soksi.


Arusha
4 Januari 1987

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo, soksi navaa.

Poleni kwa Krismasi ya peke yenu. Sikuja kwa sababu ya ile ripoti. Nimesikia kwa dereva kwamba mlichinja jogoo na babu akasema paja ni la mjukuu aliye mbali, kisha akalila kwa niaba yangu. Nimeshiba.

Ripoti niliitoa tarehe ishirini na tisa. Nimechagua Ukurasa. Niliandika kurasa nne: inaokoa muda, inaonyesha kazi yote kwa pamoja, ndiyo inayotumika huko nje. Yote hayo ni kweli. Kitu kimoja sikukiandika, kwamba katika miezi hiyo yote ya kuzijaribu, Mstari niliutumia kila siku, na Ukurasa niliutumia watu wakiwa wanapita nyuma yangu.

Bwana Wilibrodi amesoma, amesaini. Kesho Mstari unaondolewa kwenye mashine, na mimi ndiye nitakayewaelekeza wenzangu kutumia Ukurasa. Nimethibitishwa kazini, babu. Nilidhani siku ya kuiandika sentensi hii ningekuwa na furaha zaidi. Labda ni uchovu wa mwaka.

Mjukuu wenu,
Blandina


Mbulumbulu
22 Machi 1987

Mke mdogo uliyenyamaza,

Februari nzima hakuna barua, na Machi nayo inaishia. Nilidhani umeolewa, kisha nikakumbuka ng'ombe wa mahari wangepita kwangu kwanza. Bibi yako kifua kilimbana wiki mbili. Sasa anafoka vizuri, ndivyo tulivyojua kapona.

Huku hatuna raha. Mvua imeanza tarehe saba, udongo uko tayari kama kitanda kilichotandikwa, na mbegu ya ngano haipo. Mbulumbulu haipo, kwa majirani zetu wa Buger haipo. Watu wanapita kwangu, "Mzee, si mjukuu wako yuko ofisi ya mbegu?" Josephati anapita asubuhi na jioni. Kalima ekari nne kwa trekta la kukodi na sasa anasimama pembeni anatazama majani yakiota.

Wiki jana dereva wa lori akatuletea habari. Anasema orodha ya wakulima ilifutika humo ndani ya mashine, na aliyeifuta anaitwa Inosenti. Basi leo baada ya misa kulikuwa na mkutano wa kijiji. Watu wana hasira, wengine wameanza kukutaja wewe. Nikasimama, na unajua mimi nikisimama huwa sikai mapema. Nikawaambia, mjukuu wangu mwacheni, yeye ndiye aliyewapelekea kalamu ya kisasa, shida ni kwamba pembeni yake wamemkalisha mlevi. Kwamba alikuwa amelewa, dereva hakusema. Hilo niliongeza mwenyewe, habari ilikuwa haina chumvi. Watu wakacheka, hasira ikashuka. Nikampa na jina kabisa: Inosenti Kifutio. Tangu tutoke mkutanoni kila kinachopotea amepita Kifutio. Mke wa Josephati anatafuta kibao chake cha kukunia nazi ambacho hajawahi kuwa nacho, ili tu aseme Kifutio kakichukua.

Huyo kijana ulimsifu kwenye barua yako ya kwanza, ati anapiga kinanda. Kama ulikuwa unamtazama kwa jicho lile, geuza shingo. Na uandike. Bibi yako ananisumbua mimi kana kwamba nimekuficha mfukoni.

Qamara, mtetezi wako


Arusha
12 Aprili 1987, Jumapili ya Matawi

Babu, shikamoo. Bibi, pole kwa kifua. Nimefurahi kusikia anafoka.

Barua hii nimeiandika mara nne nikachana. Hii ya tano nikimaliza naipeleka posta bila kuisoma.

Inosenti hanywi pombe. Na hakufuta. Nilifuta mimi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini Februari. Inosenti alikuwa anarekebisha majina kwenye orodha ya huko kwenu, akaitwa posta kupokea simu ya nyumbani kwao. Akaniambia, "Dada Blandina, yamebaki mawili, nimalizie." Akaiacha mashine imefunguliwa kwa jina lake. Nikakaa. Nilidhani nimeiweka Ukurasa kwenye kuandika, kumbe sikuiweka. Nikayapiga yale majina mawili kwa kasi, kwa sababu wenzangu walikuwa wanapita na mimi ndiye mwalimu wao, na kila herufi ikawa amri. Nilipoinua macho orodha ilikuwa inakwisha. Papo hapo taa zikafifia. Babu, hapa taa zikififia kila mmoja wetu anafanya kitu kimoja bila kufikiri: anahifadhi kazi kabla umeme haujakatika. Mkono umezoea. Nikahifadhi. Nikahifadhi orodha iliyofutika juu ya ile nzima.

Na umeme haukukatika.

Hata hapo ingepona. Tuna utepe mmoja wa akiba. Kila Ijumaa saa kumi jioni kazi yote ya wiki inanakiliwa juu ya huohuo, maana tepe mpya hazipatikani. Orodha nzima ilikuwa bado imo kwenye utepe. Na ilikuwa saa tano asubuhi. Ningemwambia tu Bwana Wilibrodi leo asinakili, angenifokea, ikaisha. Nikajiambia nitasema baada ya chakula. Nikaenda kula wali. Nakumbuka niliomba niongezewe mchuzi. Nikarudi nikakaa. Saa kumi utepe ukazunguka, mimi nautazama.

Jumatatu mashine ilipoulizwa nani aliigusa orodha, ikatoa jina la Inosenti. Akasema kazi aliniachia mimi. Bwana Wilibrodi akaniuliza mbele yake. Nikasema nilikaa, nikakuta majina yote yameshawekwa, nikaondoka. Inosenti akanitazama mara moja tu. Mimi ndiye niliyeandika kurasa nne za kuisifu kalamu ile, babu, nikathibitishwa kwa ajili yake. Ningesemaje kwamba siiwezi.

Amesimamishwa kazi tangu tarehe mbili Machi. Kikao cha kumwachisha kabisa ni tarehe ishirini na tano Mei. Usimwambie mtu, nakuomba. Sijui nataka ufanye nini. Nilitaka tu usimwite tena mlevi.

Blandina


Mbulumbulu
10 Mei 1987

Blandina,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Barua yako ililala Mto wa Mbu wiki mbili, barabara ya kupanda ukingo wa bonde ilikatika. Mbegu iliitangulia. Imefika Aprili ikiisha, na watu wamepanda ili wasionekane wamekaa. Josephati kapanda ekari mbili, mbili kaziacha.

Niliisomea nyuma ya zizi. Bibi yako akauliza habari za mtoto, nikasema anasalimia. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa sijawahi kumpa jibu fupi hivyo, akajua kuna kitu. Hajauliza tena.

Nikwambie na langu. Ile pasi ya umeme sikuwahi kuishika. Kule Ngorongoro mimi nilikuwa natoa mashuka kwenye beseni na kuyaanika. Aliyekuwa anapiga pasi ni Tobiko, zote mbili, na ile ya umeme ilikuwa na waya uliochunika, ndiyo maana alipenda ya mkaa. Hakuacha kazi kwa kuchekwa, alihamia kwao. Na hakuna mgeni aliyenipiga picha. Habari hiyo niliwapa baba yako na shangazi zako walipokuwa wadogo, wakaipenda, nikairudia mpaka nikaiona ni yangu. Kisha ukaja wewe na kazi ya kweli na swali la kweli, nikakujibu kwa pasi ya uongo, kwa sababu Jumanne alikuwa ananitazama. Mkono wako ulikuwa umeshakuambia. Mimi nikaupigia kelele.

Kuhusu yule kijana, mkutano ulikuwa Jumapili iliyopita. Nilisimama, nikasema hanywi na hakufuta. Wewe sikukutaja, uliniomba. Hilo limekwisha, usiliweke moyoni.

Kikao chenu ni tarehe ishirini na tano. Sikuagizi kitu. Nahesabu siku tu, ni kumi na tano. Barua hii ikilala njiani zitakuwa chache zaidi.

Qamara


Arusha
7 Juni 1987

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo. Mimi mzima, nimepungua kidogo, msishtuke mkiniona.

Barua yako ilinifikia Jumatano, tarehe ishirini. Nilikwenda kwa Bwana Wilibrodi Ijumaa. Zile siku mbili za katikati nilizimaliza kwa kupita mlangoni kwake nimeshika karatasi zisizohitaji saini.

Nilimwambia. Akaniuliza, "Ulijua saa ngapi?" Nikasema saa tano. Akafungua daftari la utepe, akaweka kidole kwenye saa kumi, akalifunga. Afadhali angefoka kama bibi. Jumatatu kwenye kikao nikarudia yote mbele ya wenzangu, na Inosenti amekaa pale na shati la kwendea kazini, amevaa tayari kwa lolote.

Sikufukuzwa. Uthibitisho wangu umefutwa, na mwaka mzima sitagusa programu. Naingiza majina kutoka kwenye fomu, kutwa. Kisha Bwana Wilibrodi akaitaka ile ripoti upya, akasema, "Safari hii iandike wewe." Nusu ukurasa ulitosha. Niliandika kwamba Ukurasa ni kalamu nzuri kwenye mkono wa Inosenti, kwamba mimi sikuiweza na niliichagua kwa kuogopa kuchekwa. Kwamba orodha za wakulima ziandikwe kwa Mstari, kwa sababu hauwezi kufuta usichouliza. Na kwamba asiulizwe mtu mmoja kuwachagulia sita. Mstari umerudishwa. Tunazo zote mbili, na hakuna aliyekufa.

Inosenti amerudi kazini. Nilimwomba radhi kwenye ngazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama yangu kule kijijini aliambiwa na watu wa malori kwamba mimi ni mlevi. Hilo lilitoka wapi, Blandina?" Babu, sikuweza kumwambia. Nilimwambia tu kwamba Mbulumbulu wameshajua si kweli, babu yangu amesimama mkutanoni akalisema. Uso wake ukafunguka, maana tarehe ishirini na saba anakuja kwenu mwenyewe kuandika majina ya wakulima upya. Anasema atakutafuta akushukuru.

Sasa unaweza kunitaja.

Blandina


Mbulumbulu
29 Juni 1987

Blandina mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima, goti ni lilelile. Ngano ya mwaka huu imefika magotini na haina rangi. Barua hii anakuletea Inosenti. Amekubali kuibeba. Kulala kwangu hakukubali, amelala kwa Josephati.

Sikusema mkutanoni. Nianze na hilo kabla mkono haujapoa. Ile Jumapili ya Mei nilisimama kweli, lakini watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, wakidhani nawaletea Kifutio mwingine. Nikaipenda ile sauti. Nikawapa habari ya goti langu, nikakaa. Kisha nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba limekwisha. Wewe ukaenda kwa mkuu wako ukidhani babu yako amekutangulia. Hakuna aliyekutangulia, mama. Ulikwenda peke yako.

Barua yako ilifika Alhamisi, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Nikapanga kuugua. Bibi yako akaniegemezea fimbo yangu mlangoni akaenda kukamua.

Walikuwa wamemwekea meza nje ya ofisi ya kijiji. Kijana mwembamba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alipotaja jina lake tu watu wakaangua kicheko. Wa nyuma mmoja akasema, "Shikeni kofia zenu, Kifutio kafika." Mwingine akamsogelea, akamnusa mdomo kama anavyonuswa ng'ombe mgonjwa, akawageukia wenzake akasema leo hajaonja. Kijana anatabasamu, unaona kabisa anadhani ni utani wa wenyeji ambao hajauelewa. Kisha akasema, "Samahani wazee wangu, Mzee Qamara ni yupi? Nina shukrani zake."

Blandina, nimeishi na aibu nyingi, nyingine tumezoeana tunasalimiana. Hiyo ilikuwa ngeni.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Huyu hanywi. Ulevi niliutunga mimi hapahapa mlipokaa. Na orodha hakuifuta yeye."

 Josephati alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, na huyo ni mtu anayewasikia mbuzi wake wakitafuna ng'ambo ya korongo. Akasema, "Aako Qamara, mzee wangu, rudia. Wa nyuma hatujasikia."

Nikarudia.

"Basi alifuta nani?"

"Blandina wa kwangu. Na kalamu ile aliyofutia, niliyemwambia aichague ni mimi, naye alikuwa haitaki. Nimewaficha tangu Mei."

"Na hilo nalo rudia," akasema Josephati. Hakuwa anatania. Ekari zake mbili ni majani matupu, na trekta la kukodi alililipia zote nne. Nikarudia. Hakuna aliyecheka, na mimi, nakwambia kweli, nilikuwa natamani mtu mmoja tu acheke.

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Akazipanga karatasi zake, akazipanga tena zilizokuwa zimeshapangika. Nikajua anaondoka, na ningemsindikiza mpaka barabarani kama angenikubalia. Kisha akasema, "Tuanze majina." Watu wakajipanga. Wakanipisha nipite mbele kama wanavyofanya siku zote kwa ajili ya goti, nikakataa, nikasimama mwisho kabisa. Mtu wa mbele yangu hakugeuka kuongea nami. Foleni ikatufikisha alasiri.

Zamu yangu ilipofika hakuinua macho. "Jina."

Nikasema Qamara.

Akaandika. Akaweka kalamu chini, kwa sababu tuko wawili wa jina hilo hapa kijijini, na fomu yenu inataka mtu atambulishwe asichanganywe na mwingine.

"Qamara yupi?"

Nyuma yangu hakukuwa na mtu, lakini walikuwa hawajaondoka, wamekaa kwenye majani wanasikiliza. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote, ili Josephati asipate sababu ya kuniambia rudia.

"Babu yake Blandina."

Akaandika hivyohivyo, neno kwa neno.

Qamara